Mwenye Chungu na Mwenye Leseni

Ukiingia baa ya kawaida Kisumu, kaunta utaikuta imezungushiwa nondo au wavu wa chuma, na keshia amekaa ndani yake kama karani wa posta. Pesa zinapita kwenye kitundu kwenda, chupa inapita kwenye kitundu kurudi. Mhudumu hakuulizi jina wala kabila, anauliza moja tu: "Moto au baridi?" Maana hapa kuna watu wazima wanaoamini kwamba bia ya friji ni ya watoto na watalii. Juu ya kichwa cha keshia, ndani ya fremu yenye vumbi, imetundikwa leseni. Jina lililoandikwa pale ndilo la mwenye baa machoni pa serikali.

Mimi nitaanza na mwenye baa mwingine, ambaye jina lake halijawahi kutundikwa popote.

Kabla ya reli kufika, pombe katika ufuo huu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, haikuwa na duka. Ilikuwa na chungu. Mwanamke ndiye aliyelima mtama na wimbi, ndiye aliyeotesha kimea, akakianika na kukisaga, na ndiye aliyejua siku gani povu limetosha. Wazee walikaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, oseke, ncha moja ndani ya pombe ya vuguvugu na nyingine mdomoni, wakivuta polepole huku mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, akiwasifu mababu zao na, pale alipotaka zawadi, kuwachokoza. Pombe ile haikununuliwa. Ilikuwa ya harusi, ya matanga, au ya saga: majirani wanakuja kukulimia shamba, na jioni unawalipa kwa chungu. Mtu aliyekuwa na wake wenye mikono hodari na ghala lililojaa nafaka alilimiwa shamba kubwa. Kwa hiyo pombe ilikuwa mshahara kabla ya mshahara wa sarafu, na aliyeupika mshahara huo alikuwa mwanamke, hata kama sifa zilikwenda kwa mwenye boma.

Mwezi Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilifika majini, maili 584 kutoka pwani. Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji wa reli Ronald Preston, aligonga msumari wa mwisho, na kituo kikaitwa Port Florence. Jina hilo halikudumu. Watu waliendelea kupaita walivyopaita tangu zamani, Kisumu, jina linalohusishwa na neno la Kijaluo la mahali pa kubadilishana vitu, pale aliyekosa chakula alipokwenda kukitafuta kwa mwenye nacho. Wakati huo upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda. Ulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, mwezi Aprili 1902.

Reli ilileta kiu ya aina mpya. Meli William Mackinnon ilikuwa tayari imeunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, vipande vyake vikiwa vimebebwa na wapagazi. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Mgeni wa kwenda Entebbe alishuka treni, akapanda meli, na katikati ya treni na meli kulikuwa na saa kadhaa, pengine usiku mzima, wa joto na mbu. Winston Churchill alipita hapa mwaka 1907, Theodore Roosevelt mwaka 1909, na nyuma yao msururu wa makarani, wamisionari na wafanyabiashara ambao hakuna aliyeandika majina yao. Wote walitaka kukaa chini na kunywa kitu.

Waliowahudumia wasafiri wa reli mwanzoni walikuwa Wagoa. Kandarasi ya kulisha abiria wa Reli ya Uganda ilishikwa na J. A. Nazareth, Mgoa, ambaye vibanda vyake vya mapumziko vilipangwa kufuata njia ya reli. Wagoa walikuwa Wakatoliki kutoka koloni la Wareno huko India. Nyama za aina zote walipika, mvinyo waliujua, na vitabu vya hesabu waliviweka sawa. Ndiyo maana mpishi, keshia na mhudumu wa kaunta katika miji ya reli mara nyingi alikuwa Mgoa, hata pale jina la mlangoni lilipokuwa la Mzungu. Mwafrika alikuja wa tatu katika ngazi hiyo, akiwa amevaa kanzu nyeupe na kubeba sinia.

Juu ya sinia hilo kulikuwa na kitu ambacho sheria ilimkataza kukionja. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umezuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na serikali ya Kenya ikaongeza katazo lake: vinywaji vya Kizungu, bia ya chupa ikiwemo, si vya "mwenyeji". Basi mtu aliweza kufanya kazi miaka ishirini akifungua chupa kila jioni, akajua bwana yupi anataka barafu na yupi hataki, akajua hata nani analipa na nani anaandikisha deni, lakini tone moja likimkuta mdomoni anafungwa. Sijui kazi nyingine ya ukoloni iliyobeba dhihaka nzito kuliko hiyo kwenye sinia jepesi vile.

Enzi kuu ya hoteli za Wazungu Kisumu ilikuja kwa njia ya anga, jambo ambalo wakazi wengi wa leo hawalijui. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ikawa kituo. Mwaka uliofuata njia ikarefushwa hadi Cape Town. Ndege kutoka Khartoum zilikuwa za kutua majini; zilishuka juu ya ziwa, zikapasua maji kama mamba aliyeshtuliwa, abiria wakachukuliwa kwa mashua hadi nchi kavu. Hapo Kisumu walibadilisha: kutoka ndege ya maji waliingia ndege ya magurudumu ya kwenda kusini. Kwa miaka michache, mji huu mdogo wa bandari ulikuwa njia panda ya matajiri waliokuwa wakivuka bara zima. Walishuka wamechoka, masikio yamezibwa na ngurumo, wakihitaji maji ya kuoga, kitanda na bilauri. Kisumu Hotel, iliyo kando ya barabara kuu ambayo sasa ni ya Jomo Kenyatta, ni masalia ya Kisumu hiyo. Baadaye ilikuja kumilikiwa na Chuo Kikuu cha Maseno, kwa hiyo mwenye baa wa sasa, ukipenda kuliweka hivyo, ni maprofesa.

Turudi kwa mwenye chungu. Kodi ya kibanda ilidai sarafu, na wanaume waliondoka kwenda kuitafuta: bandarini, kwenye reli, kwenye mashamba ya Wazungu, na kuanzia miaka ya 1920 kwenye kiwanda cha sukari cha Miwani, nje kidogo ya mji. Mwanaume wa kibarua anayelala mjini bila mke hana chungu. Hana shamba wala majirani wa saga. Ana senti mfukoni na koo kavu. Wapo wanawake waliouona upungufu huo mapema, wakahamisha chungu kutoka kijijini hadi vitongoji vya mji, na kwa mara ya kwanza wakaipima pombe yake kwa kikombe na kuitoza bei. Jina walilopewa mabibi hao kote Kenya ni mama pima, na ndani ya jina hilo mna mapinduzi mazima: pombe iliyokuwa ikivutwa kwa mrija bila kuhesabiwa, sasa inapimwa.

Serikali haikuipenda biashara hiyo, lakini si kwa sababu ya ulevi peke yake. Huko Durban, Afrika Kusini, baraza la mji lilikuwa limegundua kabla ya Vita ya Kwanza kwamba ukipiga marufuku upikaji wa wanawake kisha ukapika wewe, faida yote inaingia katika hazina ya mji. Nairobi iliiga hivyo miaka ya 1920, ikafungua kilabu chake Pumwani, na mabaraza mengine ya miji ya Kenya yakaufuata mfumo huo. Baraza likawa mpishi, muuzaji na polisi kwa wakati mmoja. Mwafrika alikunywa pombe ya nafaka kwenye jengo la baraza, penye uzio, saa zilizopangwa, na faida ikatumika kumjengea huduma ambazo kodi yake ingepaswa kumjengea. Yule mama aliyepika pombe ile ile nyuma ya nyumba yake alikuwa mhalifu. Askari walimwaga chungu, wakampeleka kizimbani, akalipa faini, na jioni akapika tena ili apate kuirudisha ile faini.

Vita ya Pili ya Dunia ndiyo iliyoharibu ngazi hiyo ya nani anywe nini. Vijana wa Nyanza waliosajiliwa King's African Rifles walikwenda Uhabeshi na Burma, wakanywa bia ya chupa pamoja na askari weupe, wakaona kwamba dunia haikupasuka. Waliporudi, kuambiwa kwamba chupa hiyo hiyo ni haramu kwao Kisumu kulikuwa kichekesho. Mwaka 1947 katazo la bia ya chupa liliondolewa. Pombe kali ilisubiri hadi muongo uliofuata. Kiwanda cha bia cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa Hurst, kilikuwa kimepata soko ambalo hakijawahi kuliota. Mmoja wa ndugu hao, George, aliuawa na ndovu mwaka 1923, na bia ikaitwa Tusker kwa kumbukumbu ya mnyama aliyemuua. Huo ni ukumbusho wa ajabu: ni nadra jina la muuaji kubandikwa kwenye chupa.

Hapo ndipo alipozaliwa mwenye baa Mwafrika, yule wa leseni kwenye fremu. Alikuwa mtu mwenye akiba kidogo: karani mstaafu wa reli, mwalimu aliyeacha chaki, muuza samaki aliyefanikiwa. Ndio wakati ule ule ambapo Oginga Odinga na wenzake, kupitia kampuni yao ya Luo Thrift and Trading, walikuwa wakiwashawishi Wajaluo waweke pesa pamoja na kuingia biashara, hata wakajenga Ramogi House mjini Kisumu katika mitaa iliyokuwa ya maduka ya Wahindi. Baa ilikuwa ngazi ya chini ya tamaa hiyo hiyo. Ilihitaji mtaji mdogo kuliko duka la nguo, na mteja hakudai umkopeshe hadi mavuno. Au, tuseme ukweli, alidai, lakini ungeweza kumnyima bila kuvunja undugu.

Uhuru ulipokuja, ziwa nalo lilikuwa limekuja. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Gati za Kisumu zilizama na nyumba za ufuoni zikaachwa. Mji ulioibuka kutoka kwenye maji hayo ulikuwa na viongozi wapya. Mwaka 1965 Grace Onyango, mwalimu, akawa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya. Mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni. Ningependa kuandika kwamba mama pima alipata nafuu chini ya meya mwanamke. Hakupata. Sheria ya vileo ilikuwa ya taifa, na askari wa baraza walivaa viatu vile vile.

Lakini muziki ulibadilika, na muziki ndio uliozitenganisha baa za Kisumu na za miji mingine. Vijana waliokulia karibu na nyatiti walishika gitaa na kulilazimisha lichezwe kama nyatiti: nyuzi zikikimbizana, besi ikipiga kama kisigino cha mpigaji sakafuni. Hiyo ndiyo benga. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, alijijengea jina na bendi ya Shirati Jazz, akawa akiimba mafumbo ya siasa yaliyomtia matatani na serikali zaidi ya mara moja. Mwenye baa mjanja alielewa haraka kwamba bendi ni mali kuliko friji. Bendi ikiwepo, mteja anakunywa chupa tatu badala ya moja, na bado anampa mwimbaji noti ili jina lake litajwe katikati ya wimbo, kama babu yake alivyomtunza mpiga nyatiti kando ya chungu. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani nje ya Kisumu mwaka 2006. Kufikia wakati huo ngoma za ohangla, ambazo zamani zilikuwa za kijijini, zilikuwa zimeshaingia baa za mjini, Tony Nyadundo akiwa mbele.

Kuhusu baa za ufuoni sina mengi, na sababu yake ni ya kihistoria. Kisumu ililipa ziwa mgongo. Ufuo uliokatwa vipande ulikuwa wa reli, wa bandari, wa klabu za Wazungu na baadaye wa hoteli ya serikali, Sunset, iliyojengwa miaka ya 1970 ikitazama machweo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, meli zikapungua, mabaharia wakaondoka. Miaka ya 1990 magugu maji yakafunika bandari kiasi kwamba mtu angeona kijani badala ya maji. Sehemu ambapo mtu wa kawaida alikaa karibu na ziwa na kula vizuri ilikuwa Lwang'ni, safu ya vibanda vya mabati vya samaki karibu na bandari. Jina lenyewe maana yake ni nzi. Samaki wa kukaanga, ugali, mboga, na kama una adabu, soda. Vibanda hivyo vilibomolewa wakati wa kukarabati bandari, mwishoni mwa miaka ya 2010.

Mwaka 1978 Daniel arap Moi alishika urais, akatangaza vita dhidi ya pombe za kienyeji. Vilabu vya busaa, pombe ya nafaka, vikafungwa. Mwaka 1980 ikaja Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa, iliyofanya kosa kuipika, kuiuza, kuiweka na hata kuinywa. Pombe hii kali haikuwa ya Wajaluo asilia. Ujuzi wa kuitonesha unanasibishwa na Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan walioletwa na Waingereza, ambao waliwekwa sehemu kadhaa za nchi, Kibos karibu na Kisumu ikiwemo. Wazungu waliiita jini ya Kinubi.

Namna inavyotengenezwa inastahili kuelezwa, kwa sababu wanaoihukumu mara nyingi hawajaiona. Obunga, kitongoji cha kaskazini mwa mji, mpishi anaanza na kangara: sukari guru kutoka ukanda wa miwa, maji, na chachu ya kimea, vikiachwa kwenye pipa siku kadhaa hadi vitulie kububujika. Kisha kangara inahamishiwa kwenye pipa au sufuria kubwa juu ya mafiga. Ndani yake kinaelea, au kinaning'inizwa, chombo kidogo kitupu. Juu linafunikwa sufuria jingine lenye maji baridi, na ukingo wote unazibwa kwa udongo au unga uliokandwa ili mvuke usitoroke. Moto ukishika, mvuke unapanda, unagonga kitako cha baridi, unageuka matone na kudondoka kwenye kile chombo kidogo. Maji ya juu yakipata moto, unayabadilisha. Mara ya kwanza kuyabadilisha, ya pili, ya tatu: mpishi anahesabu, maana hapo ndipo ukali unapoamuliwa. Ni kazi ya kukodoa macho, ya moshi na ya mgongo. Mikono mingi inayoifanya ni ya wanawake, na karo za shule zisizohesabika zimelipwa kwa matone hayo. Pia wapo watu wengi waliomalizwa nayo, na sitaki kuificha hiyo nusu nyingine ya hesabu. Ila vifo vya halaiki vilivyoitikisa Kenya, kama vile zaidi ya watu mia moja waliokufa Nairobi mwezi Novemba 2000, vilitokana na kemikali ya methanoli kuchanganywa na wafanyabiashara wenye haraka, si na subira ya sufuria la maji baridi.

Mwenye leseni naye alikuwa na miaka yake ya neema. Kenya Breweries ilifungua kiwanda Kisumu mwaka 1982, na kwa karibu miongo miwili bia ya mji ilitoka mjini. Kiwanda kikafungwa mwaka 2001, watu wakapoteza kazi, na majengo yakabaki yakitazama barabara. Mwaka 2004 kampuni iligundua walichokuwa wakikijua mama pima tangu siku za kibanda na kodi: maskini ndiye mteja mkubwa. Ikatoa bia ya pipa ya bei nafuu, Senator, kwa msamaha wa ushuru kutoka serikalini, lengo lililotangazwa likiwa kuwatoa watu kwenye chang'aa. Mwaka huo huo mtu mwenye asili ya Kogelo, huko Siaya, alichaguliwa kuingia Seneti ya Marekani kutoka Illinois. Wanywaji hawakuhitaji tangazo. Bia ikaitwa Obama.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria mpya ya vileo, inayojulikana mitaani kwa jina la mbunge aliyeisukuma, John Mututho. Baa zikawekewa saa za kufungua, na sheria ya chang'aa ya mwaka 1980 ikafutwa. Kwa karatasi, mama wa Obunga alikuwa huru baada ya miaka 30. Kwa masharti, chang'aa halali sharti iwe ndani ya chupa ya kioo, ikidhi viwango, iwe na lebo na leseni. Bei ya kutimiza masharti hayo ni bei ya kiwanda.

Na kiwanda kilirudi. Mwezi Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliweka jiwe la msingi la kufufua kiwanda cha Kisumu kwa shilingi bilioni 15, na kufikia 2019 mapipa yalikuwa yakitoka. Hutengeneza hasa bia ile ya pipa, na nafaka yake kuu ni mtama, unaonunuliwa kutoka kwa maelfu ya wakulima wa Siaya, Homa Bay, Migori na kwingineko kando ya ziwa. Ni mtama ule ule wa chungu. Sasa unapimwa kwa tani, na wengi wa wanaoulima bado ni wanawake.

Usiku huu Kisumu, anayetaka bia ataulizwa kama anaitaka moto au baridi. Anayetaka ya Obunga haulizwi chochote. Anapimiwa.